Nepi za Shuka za Wageni

Nilishuka kwenye bodaboda pale Itiryo nikiwa na begi mgongoni, mfuko wa sukari mkono mmoja na galoni dogo la kilainishi cha nguo mkono wa pili. Hasira sikuwa nayo hata chembe. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa nyumbani wanapenda kudai kwamba mimi huja na hasira kutoka kazini Natta. Si kweli, hasira huwa naikuta hapa hapa.

Siku hiyo niliikuta zizini. Mwanangu Nyangwine, mwaka mmoja na miezi mitatu, alikuwa ameketi juu ya ngozi ya ng'ombe pembeni ya zizi la ndama, uchi wa mnyama, anamfokea ndama mmoja kwa lugha wanayoijua wao wawili. Aliponiona akanyoosha mikono. Nilipombeba, mkono wangu ukateleza. Alikuwa amepakwa mafuta kuanzia kiunoni hadi mapajani, yanang'aa juani. Nikamgeuza nimwone vizuri. Makalio yalikuwa mekundu, ngozi imebabuka, na nilipomgusa akajikunja akalia.

Mama Mokami alikuwa anafunga kamba ya ndama.

"Mama, shikamoo," nikasema, maana hasira haimwondolei mtu shikamoo.

"Marahaba. Umefika salama?"

"Nimefika. Huyu mtoto amepakwa nini?"

"Mafuta ya kukamulia," akajibu, kama mtu aliyeulizwa chai ina nini akasema ina sukari.

Mafuta ya kukamulia ni yale ya njano ya kwenye kopo, tunayowapaka ng'ombe kwenye chuchu zisipasuke wakati wa kukamua. Kopo lina picha ya ng'ombe. Picha ya mtoto halina.

Hapa nieleze kidogo, kwa ajili ya anayesoma akiwa mbali na Tarime. Mama Mokami si mama yangu mzazi, wala si mama wa mume wangu. Yeye ndiye aliyenioa. Alifiwa na mumewe, mabinti zake wote wameolewa na kuondoka, na nyumba yake haikuwa na mtoto wa kiume. Basi akatoa ng'ombe kwa wazazi wangu kule Kisaka, kama mila ya Wakurya inavyomruhusu, nikaingia kwake nimzalie mrithi. Tunaiita nyumba ntobhu. Wageni wakisikia hutoa macho. Mimi nilikubali kwa akili zangu timamu, na sijajuta: halewi, hapigi, na anaamka kabla yangu. Mwanaume aliyenipa mimba yupo na hana neno, hilo tuliache. Mtoto akapewa jina la marehemu mzee wa nyumba, Nyangwine, na tangu siku hiyo Mama Mokami anatembea kwa maringo kama mtu aliyeshinda kesi.

Mtoto alipotimiza mwaka, ni yeye mwenyewe aliyeniambia nikachukue kazi ya udobi kwenye kambi ya watalii Natta. "Nenda," alisema. "Nimelea mabinti wanne na ndama wasiohesabika. Mmoja hatanishinda." Kwa hiyo nakaa kazini karibu mwezi mzima, narudi siku nne. Hii ilikuwa likizo yangu ya tatu.

Na sikumwacha mtoto hivi hivi. Pale kambini shuka ikipata doa lisilotoka, au ikichanika, haiwekwi tena kitandani kwa mgeni. Danford, mkubwa wetu wa dobi, hutugawia. Mimi nilizikata za kwangu, nikazipinda kingo kwa cherehani, nikapata nepi ambazo hapa Itiryo hajapata kuzivaa mtoto yeyote: laini, nyeupe, zinazonukia kama chumba cha mgeni aliyetoka Ulaya. Kila nikija nilizifua zote mwenyewe kwa sabuni ile ya unga ya kambini, nikazimalizia kwa kilainishi. Mama nilimwachia vyote viwili, nikamwonyesha vipimo: vifuniko viwili vya hiki, kifuniko kimoja cha kile. Yeye hajui kusoma, lakini kipimo hakosei.

Ndiyo maana nilipomkuta mwanangu uchi juu ya ngozi ya ng'ombe, na nepi zangu zimekunjwa kabatini kama mapambo, nilipandwa na mori.

"Mama, nepi zipo. Kwa nini humvalishi?"

"Akivaa anababuka. Nikimvua anapoa. Wewe ukija unamvalisha, anababuka tena. Juzi nimemvalisha kwa sababu ulisema nimvalishe, ona sasa. Nimeona hivyo mara tatu, Winfrida."

"Hizo nepi ni safi kuliko sahani za humu ndani."

Nililisema hilo, na sahani za mle ndani anaziosha yeye. Akakaza fundo la kamba ya ndama. Na mimi, badala ya kuishia hapo, nikaendelea.

"Kesho namwondoa hapa. Nampeleka Kisaka kwa mama yangu. Mama Regina hampaki mtoto mafuta ya ng'ombe."

Mama Mokami akaacha kamba. Kwa mila, sikuwa na haki ya kusema vile. Ng'ombe walishatoka, mtoto ni wa nyumba ile, na angeweza kuita wazee wa ukoo wanikalishe kitako nusu siku. Nyangwine akiondoka, nyumba yake inabaki tena haina mtu, na hilo tulilijua wote wawili. Nilitegemea anigombeze. Ningefurahi anigombeze.

"Mtoto ni wa nyumba hii," akasema taratibu. "Lakini kama ni mkono wangu uliomuumiza, mchukue. Sitakushika." Kisha akachukua kibuyu chake akaenda kukamua.

Nikamwogesha mtoto kwa sabuni ya kunukia hadi mafuta yote yakatoka. Nikamvalisha nepi, juu yake nikamvalisha chupi ya nailoni isilowanishe nguo. Alilia tangu nilipoanza hadi nilipomaliza, na nikajiambia analia kwa hasira ya kutenganishwa na ndama. Asubuhi nilipomfungua alikuwa mwekundu zaidi ya jana. Nikajiambia ni yale mafuta ya ng'ombe yamemwingia ndani. Nikiwa na hasira sikosi maelezo.

"Twende zahanati," nikamwambia Mama. "Daktari aseme mwenyewe."

"Twende," akasema. Alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunga, na kopo la mafuta ya kukamulia liko kwapani. Tukashika njia. Nyangwine alikuwa mgongoni kwake, kwa sababu asubuhi ile alinikataa mimi.

Zahanati tulikuta benchi limejaa. Muuguzi alikuwa kijana mmoja anaitwa Ambokile, mtu wa Mbeya, hajamaliza hata mwezi tangu aletwe. Mpole, shati limepigwa pasi, Kiswahili chake kimenyooka kama cha redioni. Akatoka mlangoni na daftari.

"Kina mama, kama nilivyotangaza, anayekuja na baba wa mtoto anahudumiwa kwanza. Kuna mtoto amekuja na baba yake leo?"

Mama Mokami akasimama. "Yupo. Huyu hapa."

Ambokile akatazama nyuma yake, akatazama nje uwanjani. "Baba yuko wapi, bibi?"

"Mimi hapa."

Kijana wa watu akatabasamu, akingoja wenzake wa benchini wacheke. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwenye mapacha akamwambia kwa upole, kama anavyoambiwa mgeni mahali choo kilipo, "Daktari, ndiye yeye. Amemwoa huyu binti kwa ng'ombe. Sote tulikula hiyo harusi. Wewe andika tu."

"Niandike baba?"

"Andika," benchi zima likasema.

Akaandika. Niliona kalamu ikisita kidogo hewani, kisha ikaandika. Kama si kwamba nilikuwa nimenuna, ningecheka mpaka mbavu ziume.

Ndani nikaanza mashtaka kabla sijakalishwa. Nikasema mtoto anashinda uchi. Nikasema anakalishwa juu ya ngozi ya ng'ombe kando ya ndama. Nikalitwaa kopo kwapani kwa Mama nikaliweka mezani, picha ya ng'ombe ikimwangalia muuguzi. Nikasema nataka aniambie wazi kama haya mafuta ndiyo yaliyomuunguza mwanangu, kwa sababu kama ndiyo, leo leo nampeleka Kisaka.

Ambokile akamsikiliza kila mtu, yaani mimi. Halafu akamgeukia Mama Mokami.

"Mama, shikamoo tena. Ukimsafisha, unafanyaje? Nionyeshe."

"Kwa maji gani?"

Akaletewa maji ya uvuguvugu kwenye beseni, na kitambaa. Kwanza Mama akanawa mikono yake mwenyewe hadi vifundoni. Halafu akamlaza Nyangwine mapajani mwake na kuanza kumwosha kwa maji matupu, taratibu, kutoka mbele kwenda nyuma, akifungua mikunjo ya mapaja mmoja mmoja. Hakusugua hata kidogo. Kisha akachukua kitambaa kikavu akawa anagusa na kuinua, anagusa na kuinua. Halafu akaacha, akakaa tu na mtoto mapajani, makalio juu.

"Sasa unangoja nini?" Ambokile akauliza.

"Pakauke. Ukipaka mafuta kwenye maji, umefungia maji ndani." Akangoja. Nyangwine, aliyenililia mimi asubuhi nzima, alikuwa anachezea kifungo cha kiatu cha Mama. "Halafu ndiyo unapaka. Kidogo kama utando, maji yakija yasiguse ngozi. Na asilale palipolowa. Ikilowa, unabadilisha muda ule ule."

"Nani amekufundisha?"

"Ng'ombe," Mama akasema. "Chuchu ikipasuka, kiwele kinaugua, maziwa yanakata. Sabuni huweki, inakausha ngozi. Unaosha, unakausha, unapaka, unamweka pakavu. Miaka arobaini sijapoteza kiwele. Sasa nikaona ngozi ni ngozi."

Ambokile akaweka kalamu chini. "Mama, hiki ulichofanya ndicho ninachowafundisha wazazi kila kliniki. Wanaitikia, wakifika nyumbani hawafanyi."

Nilihisi masikio yanapata moto. "Na mafuta je?"

"Mafuta haya hapana," akasema, na Mama akainua kichwa. "Yana dawa iliyopimwa kwa ngozi ya mnyama, si ya mtoto. Abaki nayo ng'ombe. Lakini wazo la kupaka kitu cha kuzuia maji ni sahihi kabisa, nitakupa cha kwake. Na ile ngozi itoe pale kwa ndama, kwenye mavi. Itandike uani palipofagiwa." Akachunguza mikunjo tena kwa kurunzi. "Sioni vipele vidogo vidogo pembeni, wala usaha, kwa hiyo si fangasi. Hajaharisha?"

"Hajaharisha," Mama akajibu.

"Basi kuna kitu kinachomuunguza. Nepi zake ziko wapi?"

Hapo nikachangamka. Nikatoa mojawapo kwenye begi, nyeupe, imekunjwa pembe kwa pembe kama tunavyokunja kambini. Nikamwambia imetoka kwenye shuka za wageni, mimi ni dobi, nazifua mwenyewe. Nilisema kwa majivuno, nakiri. Akainusa. Akainusa tena. Kisha akaijaza beseni maji safi, akaitumbukiza nepi yangu, akaikamua mara mbili tatu.

Maji yakatoa povu.

Halikuwa povu la kutafuta kwa miwani. Lilipanda hadi ukingoni, jeupe, linanukia maua, chumba kizima kikanukia Natta. Nyangwine akapiga makofi.

Hakuna aliyehitaji kunieleza. Mimi ni dobi. Kambini tuna mashine inayosuuza shuka mara tatu kwa maji mengi, na bado Danford anatukemea tukiizima mapema, anasema mgeni atawashwa. Hapa nyumbani maji tunayabeba kichwani kutoka kisimani, na mimi nikija likizo sipendi kubeba maji. Nilisuuza mara moja kwenye beseni moja, halafu nikaloweka kwenye kilainishi na kuzianika hivyo hivyo makusudi, zinukie. Kila mkojo ulipogusa ile nepi, sabuni ya shuka za watalii iliyeyuka kwenye ngozi ya mwanangu, na chupi ya nailoni ikaifungia humo. Na kipimo nilichomwachia Mama, vifuniko viwili vya hiki na kimoja cha kile, alikifuata bila kukosea.

Niliona aibu. Sijui neno lingine. Niliona aibu hadi nikashindwa kumtazama mtu aliyenioa.

Ambokile hakunisimanga. Akanipa mafuta ya zinki, akaniambia nifue nepi kwa sabuni kidogo ya mche, nisuuze hadi maji yatoke kama yalivyoingia, nizianike juani, kilainishi niachane nacho. Chupi ya nailoni tuitupe. Tumbadilishe kila anapolowa, na kila siku apate muda wa kukaa wazi bila nepi. Kabla ya kulala apakwe zinki nzito kidogo. Baada ya siku tatu kama hajapata nafuu, au tukiona vipele, usaha au homa, turudi bila kungoja. "Na mtoto aendelee kulelewa na huyu huyu," akaongeza, akifunga daftari. "Baba anajua kazi."

Njiani nilitembea nyuma. Nilitaka kusema, nikawa natafuta mwanzo wa maneno, kila mwanzo unanikimbia. Mama Mokami alitembea mbele, Nyangwine mgongoni amelala, mdomo wazi. Tulipofika kwenye shamba la mihogo la jirani nikasimama.

"Mama, nisamehe. Ni mkono wangu."

Akageuka. "Nimesikia, nilikuwepo."

"Nilikutukana. Nikasema na habari ya sahani."

"Sahani ndiyo iliniuma," akasema. "Hayo mengine, mtoto wako alikuwa anaumwa. Lakini sahani zangu ni safi."

"Ni safi, Mama."

"Haya." Akaendelea kutembea. Baada ya hatua chache akasema bila kugeuka, "Yule kijana wa Mbeya ana adabu. Amesema shikamoo mara mbili."

Nyumbani akamlaza mtoto, akavua kitenge cha kanisani, akaenda kuwatazama ng'ombe wake. Mimi nikaingia chumbani kwake kutafuta mahali pa kuweka mafuta ya zinki, ndipo nikaona mfuko mkubwa karibu na kitanda, ule wenye zipu, umejaa na umefungwa. Nikaufungua. Juu kulikuwa na nguo za Nyangwine, zote, zimekunjwa. Kikombe chake. Kadi yake ya kliniki ya zamani. Alikuwa ameufunga asubuhi, kabla hatujaenda zahanati, akiwa hajui muuguzi atasema nini.

Nikaanza kuzitoa, machozi yananitoka, nikijiona mtu mbaya kuliko wote wa kata ile. Chini ya nguo za mtoto nikakuta blanketi. Si la mtoto, lilikuwa lake yeye. Chini ya blanketi kuna ndara zake, kitenge chake cha kazi, mswaki, na Biblia ambayo hajui kuisoma lakini halali bila kuiweka chini ya mto wake.

Nikatoka nje na blanketi mkononi. "Mama, haya ni ya nini?"

Alikuwa anamwosha ng'ombe kiwele. Akatupa jicho mara moja. "Ya Kisaka."

"Wewe ulikuwa unakwenda Kisaka?"

"Mtoto ni wa nyumba hii. Ulidhani angeondoka, nyumba ibaki hapa inafanya nini?"

Huyu ni mwanamke ambaye tangu nimjue hajawahi kulala mbali na ng'ombe wake, hata kwenye harusi za mabinti zake alirudi jioni hiyo hiyo kukamua. Nikamuuliza, na ng'ombe je.

"Nilimtuma mtu kwa shemeji Hezekia asubuhi. Angekamua yeye." Akaivuta chuchu, maziwa yakaingia kwenye kibuyu. "Vibaya, lakini angekamua."

Nilicheka na kulia kwa wakati mmoja, ng'ombe akageuka kunitazama. Kisha nikarudi ndani, nikatoa vitu vyake kimoja kimoja na kuvirudisha mahali pake, ndara chini ya kitanda, Biblia chini ya mto. Nikakusanya nepi zote, nikachukua ndoo, nikaenda kisimani. Nilisuuza, nikamwaga, nikarudi tena kisimani. Safari ya nne Mama Mokami alinifuata njiani, mtoto kiunoni, makalio wazi, akaniambia nepi zimeshatakata, nirudi nyumbani nile.